Joseph Whitworth: fundi wa mitutu aliyeipa dunia meno ya skrubu

Mfanyabiashara anayenunua elbo ya bomba ya nusu inchi Eldoret, kisha akavuka Malaba na kununua koki Tororo, hajiulizi kama viwili hivyo vitaingiana. Anajua vitaingiana. Fundi atazungusha tepu nyeupe, atakaza kwa spana, na maji yatapita. Ni jambo dogo, lakini ukikumbuka mambo mangapi hayaingiani katika mpaka huohuo, kuanzia vyeti hadi vipimo vya unga, utaona kwamba koki ile imetushinda sote.

Umbo la meno ya bomba hilo, yaani ile mistari inayozunguka na kushikana unapofunga, linatokana na kazi ya Mwingereza mmoja, Joseph Whitworth, aliyefariki mwaka 1887. Yeye mwenyewe hakutaka sana kukumbukwa kwa skrubu. Sehemu kubwa ya umri wake wa utu uzima, na fedha nyingi alizochuma, alizitumia kutafuta mtutu wa bunduki usio na kasoro na chuma kinachoweza kuubeba. Mtutu aliupata. Serikali yake ikaukataa.

Whitworth alizaliwa Desemba 21, 1803 katika mji wa Stockport, karibu na Manchester, kaskazini ya Uingereza. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule. Mama alipofariki mtoto akiwa na miaka kumi hivi, baba alienda kuwa mchungaji wa kanisa na familia ikatawanyika. Joseph alipelekwa shule ya bweni karibu na Leeds, na alipofika miaka 14 akakabidhiwa kwa mjomba wake, mwenye kiwanda cha kusokota pamba huko Derbyshire. Mpango wa wazee ulikuwa mzuri: kijana ajifunze biashara, siku moja arithi nafasi. Lakini kijana alivutwa na mashine kuliko hesabu za marobota. Aliijua kila mashine ya kiwanda kile, akaona nyingi zimetengenezwa ovyo, na baada ya miaka kama minne aliondoka akaenda Manchester kuwa fundi wa kawaida wa kulipwa mshahara.

Mwaka 1825 alimwoa Fanny Ankers, binti wa mwendesha mashua ya mizigo, na mwaka huohuo wakahamia London. Huko aliajiriwa katika karakana ya Henry Maudslay, ambayo kwa fundi wa chuma wa wakati ule ilikuwa kama Gikomba au Katwe kwa fundi wetu, ila yenye nidhamu kali zaidi. Baadaye alifanya kazi pia kwa Joseph Clement, fundi aliyekuwa akimtengenezea Charles Babbage mashine yake ya kukokotoa hesabu. Mwaka 1833 alirudi Manchester, akapanga chumba chenye nguvu ya mvuke, akatundika kibao kinachosema yeye ni mtengeneza zana kutoka London. Hilo la London lilikuwa tangazo la biashara. Wafanyabiashara wetu wanaoandika Dubai kwenye vibao vyao wataelewa.

Kitu cha kwanza alichokijua kuliko wenzake kilikuwa ubapa. Mashine yoyote hutegemea uso ulionyooka: kitanda cha mashine ya kukereza, njia ya kuteleza, meza ya kupimia. Mafundi wengi walisugua vipande viwili vya chuma kwa unga wa mchanga mgumu hadi vilingane. Tatizo ni kwamba vipande viwili vinaweza kulingana huku kimoja kikiwa na bonde na kingine na mgongo, kama sufuria na kifuniko. Whitworth alitumia vipande vitatu. Unapaka rangi nyekundu kwenye cha kwanza, unakilaza juu ya cha pili, unaona rangi imeshika wapi, unakwarua sehemu hizo tu kwa patasi ngumu. Kisha cha pili na cha tatu, kisha cha tatu na cha kwanza, tena na tena. Vipande vitatu haviwezi kulingana vyote kwa vyote isipokuwa kila kimoja kimekuwa bapa kweli. Hakuna mashine, hakuna kipimo cha kuazima. Mwaka 1840 aliieleza njia hiyo mbele ya wanasayansi waliokutana Glasgow, na karakana za leo bado zinaitumia.

Kutoka kwenye ubapa alikwenda kwenye kipimo. Rula hutegemea jicho, na jicho hudanganya. Yeye alipima kwa mguso. Mashine yake maarufu ilikuwa na skrubu yenye meno 20 kwa kila inchi, ikizungushwa na gurudumu lenye meno 200, nalo likizungushwa na gurudumu jingine lililogawanywa sehemu 250. Zidisha mwenyewe: 20 mara 200 mara 250 ni 1,000,000. Kusogeza gurudumu la mwisho kwa alama moja kulisogeza uso wa mashine sehemu moja ya milioni ya inchi. Kati ya uso huo na kitu kinachopimwa aliweka kijipande chembamba cha chuma. Kikibanwa kinabaki, kikilegezwa kwa alama moja kinaanguka. Mashine ya namna hiyo ilioneshwa kwenye Maonyesho Makubwa ya London mwaka 1851, na wageni waliona jinsi upau wa chuma unavyorefuka kwa joto la kidole tu.

Skrubu za kila karakana

Kabla ya 1841 kila karakana ya Uingereza ilikuwa na meno yake ya skrubu. Bolti na nati zilizaliwa pamoja kama mapacha na ziliwekwa alama zisipoteane. Ukivunja bolti ya mashine iliyotoka Leeds ukiwa Bristol, ulikuwa na njia mbili: kuagiza Leeds au kumlipa fundi akukereze moja kwa kubahatisha. Mwenye kiwanda alifungwa kwa muuzaji wake wa kwanza maisha yote, na wauzaji wengine walipenda iwe hivyo.

Whitworth angeweza kubuni skrubu bora kuliko zote na kuwaambia wenzake waifuate. Hakufanya hivyo. Alikusanya skrubu kutoka karakana kubwa za nchi, akazipima zote, akachukua wastani. Pembe kati ya jino na jino ikatoka nyuzi 55. Idadi ya meno akaipanga kulingana na unene: skrubu ya robo inchi meno 20 kwa inchi, ya nusu inchi 12, ya inchi moja 8. Kwa kuwa ulikuwa wastani, hakuna karakana iliyopata kila ilichotaka, na hakuna iliyolazimika kutupa kila ilichokuwa nacho. Kampuni za reli ndizo zilizoukubali mapema, kwa sababu injini ya reli huharibikia popote.

Faida ilionekana wakati wa Vita vya Crimea, vilivyoiingiza Uingereza mwaka 1854. Jeshi la maji lilihitaji haraka mashua ndogo nyingi za mizinga zinazoendeshwa kwa mvuke. Mhandisi John Penn alichukua injini mbili za mfano, akazifungua vipande vipande, akavigawa kwa karakana mbalimbali za nchi kila moja itengeneze nakala nyingi za kipande chake. Vipande vilirudi London vikaunganishwa, injini kadiri ya 90, kwa muda wa miezi michache. Miaka 20 kabla yake kazi hiyo isingewezekana, maana hakuna bolti ambayo ingeingia.

Bunduki ya pembesita

Vita hivyohivyo ndivyo vilivyompeleka kwenye bunduki. Jeshi la Uingereza lilikuwa linaanza kutumia bunduki ya Enfield ya mwaka 1853, na viongozi walitaka mashine za kuitengeneza kwa wingi. Whitworth alikuwa ametoka Marekani, alikotumwa mwaka 1853, akaona viwanda vya huko vikitengeneza bidhaa kwa vipande vinavyobadilishana. Wakamwomba abuni mashine. Jibu lake liliwashangaza: hawezi kubuni mashine ya kutengeneza kitu ambacho hakuna anayejua kwa nini wakati mwingine ni kizuri na wakati mwingine kibaya. Alichukua bunduki za jeshi, akapima matundu yake, akakuta hazifanani. Nyingine zilipiga vizuri, nyingine ovyo, na watengenezaji wake hawakuweza kueleza tofauti.

Aliomba kwanza afanye majaribio. Serikali ikagharimia banda la kulengea shabaha lililofunikwa, lenye urefu wa yadi 500, kama mita 457, nyuma ya nyumba yake Manchester. Dhoruba ililibomoa, likajengwa tena, na mwaka 1855 kazi ikaanza. Ndani ya banda hilo upepo haukuingia. Alitundika karatasi nyembamba kila baada ya umbali fulani, risasi ikazitoboa zote, na kwa kufuata matundu aliona njia yake yote, wapi ilianza kuyumba na wapi ilianza kushuka.

Hapa inafaa nieleze mtutu ni nini, maana watu wengi hudhani ni bomba tu. Ndani ya mtutu wa raifo kuna mifereji inayozunguka kama meno ya skrubu yaliyonyoshwa sana. Risasi ikipita inashikwa na mifereji hiyo na kutoka ikizunguka, na mzunguko huo ndio unaoiweka sawa hewani, kama pia ya mtoto inavyosimama ikizunguka na kuanguka ikisimama. Enfield ilikuwa na tundu la inchi 0.577 na mfereji uliokamilisha mzunguko mmoja kwa kila inchi 78. Whitworth alijaribu mizunguko ya kila aina, hata mzunguko mmoja kwa inchi moja tu. Mwishowe alichagua mmoja kwa kila inchi 20. Tundu akalipunguza hadi inchi 0.451. Badala ya mifereji, akalifanya tundu lenyewe liwe na pembe sita, na risasi yake nayo ikawa ya pembe sita iliyojipinda ili iingie sawasawa kama nati kwenye bolti. Risasi ilikuwa nyembamba na ndefu, yenye uzito wa gramu 34 hivi.

Kulichora tundu la namna hiyo kwenye karatasi ni rahisi. Kulitoboa ndipo penye kazi. Mtutu wa Enfield ulitengenezwa kwa bamba la chuma laini lililokunjwa na kuunganishwa kwa moto, kisha kusafishwa ndani. Mshono ule ni mahali pa kupasukia, na chuma laini hupanuka na kupinda. Whitworth alitaka mtutu utobolewe kutoka kwenye upau mzima wa chuma kilicho sawa ndani na nje, kikaribiacho feleji. Fundi yeyote wa keekee ajaribu kutoboa tundu dogo kuliko kidole gumba katika upau wa karibu mita moja, aone. Ncha ya keekee hupenda kukimbilia upande ulio laini, na ikishapotea milimita moja katikati ya safari huwezi kuirudisha. Vinyweleo vya chuma hujaza tundu na kukwaruza ukuta wake. Joto hupanda mahali ambapo mafuta hayafiki kwa urahisi. Na vyuma vya kukatia vya siku zile vilikuwa na udhaifu: vikipata moto vinapoteza ugumu wake, hivyo fundi alilazimika kwenda polepole, kunoa, kurudi, kupima, kunoa tena. Vyuma vinavyokata vikiwa vyekundu kwa moto vilikuja karibu na mwisho wa karne, yeye akiwa amekwisha kufa.

Chuma chenyewe nacho kilikuwa kigeugeu. Kikiwa kigumu sana kinamaliza zana na baruti inaweza kukipasua kama chungu. Kikiwa laini sana kinakatika kwa urahisi lakini kinanatanata kwenye ncha, kinaacha uso wenye makovu, na tundu linatanuka baada ya risasi chache. Fundi aliyetaka ugumu na ustahimilivu kwa pamoja alikuwa akitafuta kitu ambacho viyeyushio vya wakati ule vilikitoa kwa kubahatisha. Ndiyo maana mitutu ya Whitworth iligharimu mara kadhaa zaidi ya ile ya Enfield. Kila mmoja ulipimwa kwa geji za duara zinazoingia na zisizoingia, na uliokosea ulitupwa.

Mwaka 1857 bunduki zote mbili zililetwa Hythe, kusini mwa Uingereza, mbele ya waziri wa vita. Kwa yadi 500, risasi za Enfield zilitawanyika kwa wastani wa sentimita 68 kutoka katikati ya kundi. Za Whitworth zilitawanyika sentimita 11. Kwa yadi 1,100, yaani karibu kilomita moja, Enfield ilikosea kwa mita mbili na nusu, Whitworth kwa sentimita 80. Kwa yadi 1,400 Enfield haikugonga shabaha tena. Whitworth iliendelea kugonga hata kwa yadi 1,800, zaidi ya kilomita moja na nusu. Miaka mitatu baadaye, Julai 1860, Malkia Victoria alifungua mashindano ya kwanza ya kulenga shabaha ya Wimbledon kwa kuvuta kamba iliyofungwa kwenye bunduki ya Whitworth iliyowekwa juu ya stendi. Risasi ilitua inchi moja na robo kutoka katikati, umbali wa yadi 400.

Na bado jeshi likasema hapana. Tundu ni dogo mno kwa vita, walisema wataalamu. Masizi ya baruti yanalijaza haraka na askari anashindwa kupakia. Bei iko juu. Hoja ya masizi na hoja ya bei zilikuwa za kweli. Hoja ya tundu dogo haikudumu: mwaka 1871 serikali ileile ilipokea bunduki ya Martini-Henry, ambayo tundu lake lilikuwa inchi 0.45. Hiyo ndiyo bunduki iliyofika hadi huku kwetu mwishoni mwa karne mikononi mwa askari wa makampuni na wa serikali za kikoloni.

Mimi naona tatizo lilikuwa pia mtu mwenyewe. Kwenye skrubu, Whitworth alikubali wastani wa kazi za wengine. Kwenye bunduki hakutaka kupunguza hata unywele. Waliofanya naye kazi walimjua kuwa mgumu wa kushauriwa, na katika ushindani wake mrefu na William Armstrong juu ya mizinga ya serikali, ugumu huo ulimgharimu zabuni. Kamati ziliundwa, majaribio yakafanywa miaka ya 1863 hadi 1865, fedha nyingi zikatumika, na jeshi mwishoni likarudi kwa muda kwenye mizinga ya kupakiwa kwa mbele bila kumridhisha yeyote kati ya hao wawili.

Mteja aliyepatikana

Bunduki iliyokataliwa London ilipata wanunuzi kwingine. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, majimbo ya Kusini, yaliyopigana ili utumwa uendelee, yalinunua mamia machache ya bunduki za Whitworth na kuziingiza kwa meli zilizopenya mzingiro wa bandari. Zilikuwa ghali mno kugawiwa hovyo. Walipewa walenga shabaha waliochaguliwa, na kazi yao ilikuwa kuwapiga maafisa na wapiga mizinga kutoka mbali. Mei 9, 1864, huko Spotsylvania, jimbo la Virginia, Jenerali John Sedgwick wa jeshi la Kaskazini alipigwa risasi chini ya jicho na mlengaji aliyekuwa mamia ya yadi mbali naye. Wanahistoria wengi wanaihusisha risasi hiyo na bunduki ya Whitworth.

Vita vile vilifika mpaka Zanzibar kwa njia nyingine. Kitambaa cha merikani, kilichokuwa kama fedha katika safari za bara, kilipungua bandarini kwa sababu pamba na viwanda vya Marekani vilivurugika, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi yake. Manchester penyewe, mji wa Whitworth, maelfu ya wafanyakazi wa pamba walikaa bila kazi. Mjini humohumo karakana moja ilikuwa imetengeneza bunduki za kulisaidia jeshi la wamiliki wa watumwa. Mfanyabiashara huuza anapopata soko, tunaambiwa. Sidhani hesabu hiyo inamtosha mtu aliyepima kila kitu kwa sehemu ya milioni.

Kuigandamiza feleji

Baada ya bunduki, adui wake akawa chuma. Mizinga yake mikubwa ilihitaji mitutu ambayo hakuna upau wa kawaida ungeitoa. Feleji ikimiminwa kwenye kalibu, gesi hunaswa ndani inapoganda, na mkuo unaotoka huwa na vijishimo vya hewa usivyoviona. Unaukereza siku tatu, unautoboa wiki nzima, na katikati ya tundu unakutana na kishimo. Kazi yote imepotea. Usipokutana nacho ni hatari zaidi, maana baruti itakutana nacho.

Suluhisho lake lilikuwa kuigandamiza feleji ikiwa bado uji. Aliifungia ndani ya kalibu nene na kuibana kwa mashine kubwa inayosukumwa kwa maji, hadi gesi ikatoka na vishimo vikafunga. Mkuo ulitoka mzito na mfupi kuliko ulivyomiminwa. Hataza ya njia hiyo aliipata mwaka 1874. Feleji hiyo iliwashika wenye bunduki kuliko vita vilivyowahi kumshika yeye. Purdey wa London, mtengenezaji wa bunduki za wawindaji matajiri, aliitumia kwa mitutu yake, na wengine wa Uingereza na Marekani wakafuata. Mitutu hiyo iliwekwa alama ya mganda wa ngano.

Kufikia hapo bunduki zilikuwa zinapakiwa kwa nyuma, na mtutu ulikuwa umeongezewa kazi moja: chemba, yaani mahali panapokaa ganda la risasi. Chemba hukatwa kwa zana yenye umbo la ganda lenyewe, inayosukumwa ndani polepole, ikitolewa kila mara kusafishwa vinyweleo. Lazima ikae katika mstari mmoja na tundu. Ikiwa imepinda, risasi inaanza safari imelala. Ikiwa na kina kidogo mno, mlango haufungi. Ikiwa na kina kingi mno, ganda linapasuka nyuma, karibu na uso wa mpigaji. Fundi hawezi kuiona, hivyo hupima kwa geji mbili: moja lazima iruhusu mlango kufunga, nyingine lazima iuzuie. Ndiyo desturi ileile ya kuingia na kutoingia aliyoieneza Whitworth kwenye karakana za Uingereza. Feleji isiyo na vishimo na geji isiyodanganya vilikutana katika inchi mbili za mwisho za mtutu.

Alipata utajiri na heshima. Mwaka 1868 alitenga pauni 3,000 kwa mwaka kuwasomesha vijana 30 wa ufundi, kila mmoja pauni 100, kwa masharti kwamba wajue nadharia na pia waweze kushika tupa. Mwaka 1869 akapewa cheo cha kurithiwa cha Sir, ingawa hakuwa na mtoto wa kumrithisha. Fanny alifariki mwaka 1870. Alioa tena mwaka uliofuata, akahamia jumba la Stancliffe huko Darley Dale, Derbyshire, si mbali na alikokimbia kiwanda cha mjomba. Miaka ya mwisho afya ilimfanya akimbie baridi ya Uingereza, na Januari 22, 1887 alifariki Monte Carlo akiwa na miaka 83. Alizikwa Darley Dale. Mali yake, zaidi ya pauni milioni moja, sehemu kubwa ilikwenda kwenye elimu, hospitali na jumba la sanaa la Manchester lenye jina lake. Mwaka 1897 kampuni yake iliunganishwa na ile ya Armstrong, hasimu wake, na jina likawa Armstrong Whitworth.

Skrubu zake ziliendelea kusafiri. Injini za Kiingereza zilizopanda kutoka Mombasa kuelekea ziwani reli ilipojengwa kati ya 1896 na 1901 zilifungwa kwa kipimo hicho. Lakini Wamarekani walikuwa wamechagua pembe ya nyuzi 60 tangu mwaka 1864, na katika Vita Kuu ya Pili washirika hao wawili waligundua kwamba vipuri vyao haviingiani. Novemba 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zilitia saini kipimo cha pamoja, kwa nyuzi 60. Baadaye milimita zikaja na kuchukua nafasi kubwa zaidi, na fundi wa magari wa leo anaiona spana ya Whitworth kwenye trekta la babu tu.

Mabomba yalibaki. Bomba la nusu inchi linalouzwa Busia, Namanga au Mutukula lina meno 14 kwa inchi kwa pembe ya nyuzi 55, na ukipima unene wa nje utapata karibu milimita 21, maana nusu inchi ya jina lake ilikuwa ya tundu la ndani la mabomba ya zamani. Kwa msomaji anayeagiza kontena kutoka ng'ambo, hapa ndipo pa kuangalia. Bomba la Kimarekani la nusu inchi nalo lina meno 14 kwa inchi, lakini kwa nyuzi 60. Koki yake itaanza kuingia kwenye elbo yetu vizuri kabisa, mizunguko miwili, mitatu, kisha itakaza mapema, na ukilazimisha itavuja. Kwa jicho hutaitambua. Beba elbo moja ya nyumbani mfukoni, uifunge kwenye sampuli hadi mwisho kabla hujalipa.

Ule ufadhili wa vijana wa ufundi bado unatolewa Uingereza kila mwaka, kwa jina lake.